Kona ya Maswali: Mr Bean anaongea, tena anaongea sana

Wasomaji wangu, klipu za Mr Bean zimerudi tena kwenye simu za watu na meseji zenu ndo zinaniambia hivyo, sa nimeona safu nzima ya leo niwape jibu moja baada ya jingine kuhusu Rowan Atkinson mwenyewe, maana Mr Bean tunamjua wote ila huyu anayemcheza wengi hatumjui kabisa. Maswali nimeyafupisha kidogo.

SWALI: Kaka shikamoo. Kwenye grupu letu la ukoo mjomba katuma kwamba Mr Bean kafariki, kuna picha imewekwa mshumaa na linki chini yake. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si kweli na hiyo linki usiibonyeze. Huyu bwana ameuawa mtandaoni mara nyingi mno, 2016 walimuua, 2017 wakamuua, 2018 wakamuua tena, mara ajali ya gari mara kajiua, na nyingi ya habari hizo zilikuwa mtego wa kukupeleka kwenye ukurasa wa kuiba neno lako la siri au kukutilia kirusi kwenye kifaa. Amezaliwa 6 Januari 1955, kwahiyo umri umeenda, ila kazi bado anapiga, 2022 katoa Man vs Bee kule Netflix anapigana na nyuki mmoja ndani ya nyumba ya matajiri mpaka nyumba inaisha, 2023 akatokea padri kwenye filamu ya Wonka, na mwisho wa 2025 ikaja Man vs Baby. Mjomba mwambie kwa adabu aifute.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Mwanangu wa darasa la tatu kaniuliza kama Mr Bean ni bubu au ana matatizo ya akili, nikakosa jibu. Huyo mtu kwenye maisha ya kawaida yukoje? (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Nzuri dada, na pole na maswali ya watoto. Si bubu, na darasani kasoma kuliko wengi wetu tunaomcheka. Kazaliwa Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mkoa wa Durham, baba yake mkulima, yeye ndo kitinda mimba. Shule alianzia Durham kwenye ile shule ya waimbaji wa kanisa kuu, hapohapo aliposoma Tony Blair aliyekuja kuwa waziri mkuu, baadaye akaenda St Bees, halafu Chuo Kikuu cha Newcastle kuchukua digrii ya uhandisi wa umeme. Ndiyo dada, umeme. 1975 akaingia Oxford kusoma masta ya umeme huohuo na akaimaliza, hakuitupa njiani akakimbilia sanaa kama tunavyopenda kusimuliana hizi hadithi za mastaa.

Huko Oxford ndo alipokutana na watu waliobadilisha maisha yake, mmoja Richard Curtis ambaye ni mwandishi, mwingine Howard Goodall ambaye ni mwanamuziki, na ile kwaya ya kanisani inayoimba mwanzoni Mr Bean akidondoka kutoka juu ni kazi ya Goodall huyo. 1976 wakapeleka vichekesho vyao Edinburgh kwenye tamasha la sanaa, watu wakamwona, basi injinia tukampoteza.

Sasa kuhusu kuongea. Kazi zake za mwanzo zilikuwa maneno matupu! Kuna kipande chake maarufu cha mwalimu anaita majina darasani, kasimama tu na orodha yake, hakuna kuanguka, hakuna kukunja uso, anasoma majina ya ajabuajabu kwa sauti ya mtu anayewadharau wanafunzi wote waliopo na wasiokuwepo, na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Alikifanya 1979 kwenye onyesho la kuchangia Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu. Mwaka huohuo BBC wakamchukua kwenye Not the Nine O'Clock News, kipindi cha kuchezea habari na wanasiasa, yuko na Mel Smith, Griff Rhys Jones na Pamela Stephenson. Mtafutie mwanao kile cha sokwe, Atkinson kavaa ngozi ya sokwe kakaa kwenye kiti anahojiwa na anaongea Kiingereza safi kuliko profesa aliyemfuga, tena anamkosoa kwenye kila sentensi. Kwa kipindi hicho alipata BAFTA 1981, tuzo kubwa ya filamu na televisheni Uingereza.

Kitu ambacho mwanao anaweza kukipenda zaidi ni kwamba huyu mtu ana kigugumizi. Herufi B ndo inamsumbua hasa, kwahiyo akikutana nayo anaibana halafu anaipasua kwa nguvu, watu wakawa wanafikiri ni staili ya uchekeshaji. Kwenye Blackadder, ile komedi yake ya BBC, kuna jina "Bob" analitamka kama mtu anafungua chupa, kicheko kinakuja, kumbe mwenzenu alikuwa anavuka kizuizi. Mwenyewe kaeleza kwamba akiingia ndani ya mhusika mwingine kigugumizi kinapotea, akirudi kuwa Rowan kinarudi. Nje ya kazi ni mtu mpole, mtaratibu, mahojiano hayapendi sana, na waliokutana naye wakitegemea Mr Bean wanarudi wamenyong'onyea.

SWALI: Bro kuna posti inazunguka ya motivesheni inasema Rowan Atkinson alikataliwa na kila TV miaka mingi sababu ya sura na kigugumizi, akalala njaa, asikate tamaa mpaka akawa bilionea. Mi nimeiweka stetasi. Ni kweli? (Kijana, Dodoma)

JIBU: Itoe mdogo wangu. Hesabu ni rahisi, kazaliwa 1955 na 1979 yuko BBC kitaifa, yaani miaka 24 tu. 1981 akawa na onyesho la peke yake West End London, pale ambapo wasanii wa jukwaani wote wanaota kufika, na wakati huo hakuna aliyewahi kufanya hivyo akiwa mdogo kama yeye. Mtoto wa mkulima mwenye uwezo, shule za kulipia, Oxford, hapo njaa iko wapi jamani? Na ubilionea nao wamemwongezea, ni tajiri ndiyo ila tusizidishe.

Mapigo kayapata lakini si hayo ya kwenye posti. 1986 alipeleka onyesho lake New York, Broadway, ukumbi wenyewe bahati mbaya ulikuwa unaitwa jina la ukoo wake, Brooks Atkinson Theatre, kwahiyo tangazo likawa kama mtu anajisifia, mhakiki wa New York Times akalichambua bila huruma na likafungwa haraka. Blackadder nayo season ya kwanza ya 1983 aliiandika yeye na Curtis, ikala hela nyingi za BBC kwa farasi na kasri na kurekodi nje, matokeo yakawa ya kawaida tu, karibu wakuu waifute. Kilichoiokoa ni kukubali kubadilika: Ben Elton akaletwa kuandika na Curtis, Atkinson mwenyewe akaweka kalamu chini akabaki kuigiza, farasi wakaondolewa wakarekodi ndani studio, na mhusika ambaye mwanzo alikuwa mjinga mwenye mtumishi mjanja wakamgeuza, bosi ndo akawa mjanja na mtumishi ndo mjinga. Hiyo habari ya mtu kukubali kwamba wenzake wanaandika vizuri kuliko yeye mi naiona nzuri kuliko ya kulala njaa, ila najua haipati laiki.

SWALI: Habari ndugu. Sisi tuko vijana hapa Mombasa tunatengeneza vichekesho vya YouTube na tunabishana. Wenzangu wanasema Mr Bean ni kipaji tu, jamaa anatokea mbele ya kamera anakunja uso basi. Mimi nasema kuna skripti. Nani kashinda? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Umeshinda wewe, tena kwa mbali, na hapa naomba mnivumilie nitaongea sana.

Kwanza, mnajua Mr Bean wa televisheni ana sehemu ngapi zote? 15. Hizo tu. Kuanzia 1 Januari 1990 ilipotoka ya kwanza ITV mpaka mwisho wa 1995, karibu miaka sita, sehemu 15 za kama dakika 25, ambazo zimeuzwa nchi zaidi ya 190 na sisi tumeziangalia mpaka tukazimaliza kwenye runinga za mabasi ya mikoani, safari nzima hakuna anayeomba tafsiri. Kama ingekuwa kukunja uso tu wangetoa 300. Majina ya waandishi yako wazi, Atkinson mwenyewe, Robin Driscoll ambaye watu wanamsahau sana, Richard Curtis, na ile ya kwanza Ben Elton naye alitia mkono. Kwa hadhira ya Uingereza ya wakati ule haikuwa mzaha, 1992 kuna sehemu moja iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 18.

Pili, mhusika alijaribiwa kabla. 1987 Atkinson alienda Montreal, Kanada, kwenye tamasha la vichekesho la Just for Laughs, wenyeji wakampangia usiku wa Kiingereza, yeye akang'ang'ania usiku wa Kifaransa. Waandaaji wakashangaa, huyu atawaambia nini hawa? Lakini ndo alichokuwa anakitafuta, alitaka kuona huyu mtu asiyesema anasimama mwenyewe mbele ya watu ambao Kiingereza hakitawasaidia. Injinia anapima mashine kabla haijaingia kiwandani. Hata jina halikuwepo bado, walikuwa wanazungukazunguka kwenye majina ya mboga. Na mwalimu wake hakumficha, ni Mfaransa Jacques Tati, mtengeneza filamu za vichekesho, na yule mhusika wake Monsieur Hulot.

Tatu, angalieni tena ile sini ya mtihani kwenye sehemu ya kwanza, ila safari hii msicheke, hesabuni. Mtu ana hitaji moja tu, kufaulu. Kaja na kalamu za kugawa na midoli mezani, kafungua karatasi, swali si lile alilosoma. Anaanza kumchungulia jirani, kila njia anayotumia kuchungulia inashindwa na inayofuata inakuwa ya kipumbavu zaidi ya iliyopita, lakini kwenye kichwa chake kila hatua ina mantiki kabisa, mpaka dakika za mwisho inagundulika kwamba karatasi ya somo lake ilikuwepo ndani ya bahasha muda wote. Hiyo kitu imejengwa! Ukiondoa hatua moja ya katikati mwisho haucheki. Uso wake unakuja baada ya hapo, uso ni chumvi.

Na 1992 alifanya kipindi BBC ambacho kila anayeandika vichekesho vya vitendo akitafute, kinaitwa Laughing Matters, kajifanya mhadhiri, anaeleza kwa utaratibu kitu kinakuwaje cha kuchekesha: ama kimefanya jambo lisilotegemewa, ama kiko mahali pasipo pake, ama kina ukubwa usio wake. Basi. Sasa chukueni hizo tatu mkapime nazo Mr Bean mtaona zinatokea kila mahali. Kichwa cha mtu ndani ya bata mzinga wa Krismasi, mahali pasipo pake, na kaingiaje? saa yake ilidondokea mle kwa hiyo kaenda kuitafuta, kwa mtu mwenye akili zake ni kosa dogo tu. Anaendesha gari akiwa amekaa kwenye sofa juu ya paa, anavuta kamba na fimbo ya deki, kwa sababu kiti kakinunua na ndani hakitoshi. Ile ninayoipenda mimi ni ya kupaka rangi chumba: anataka kulipua kopo la rangi kwa fataki katikati ya chumba ili amalize mara moja, lakini kabla ya hapo anafunika kila kitu kwa magazeti, na kwenye bakuli la zabibu anafunga zabibu moja moja. Moja moja jamani. Mlipuko kila mtu angeweza kuuandika, zile zabibu ndo zinaonyesha kuna mtu alikaa mezani akafikiria huyu kichaa ni kichaa wa aina gani.

Vicheko mnavyovisikia navyo, sini za ndani zilichezwa mbele ya watu studio, zilizorekodiwa nje walionyeshwa hao watu wacheke. Kwa hiyo kipande kisichochekesha kilijulikana siku hiyohiyo.

Ila msidhani mwenyewe anaifurahia. 2021 aliliambia jarida la Radio Times kwamba kumcheza Bean hakufurahii sana, ni mzigo, kunachosha na anasubiri kimalizike, katuni anaona nafuu kwa sababu anatoa sauti tu. Na 2012 aliwahi kusema mtu wa miaka hamsini na kitu akifanya mambo ya kitoto inaanza kutia huzuni. Mwaka huohuo lakini akakubali ufunguzi wa Olimpiki London, okestra nzima ya London Symphony inapiga, Simon Rattle anaongoza, yeye kapewa noti moja tu ya kubonyeza kwenye kinanda na anaboreka nayo mpaka anatoa simu. Noti moja. Dunia nzima ikamwangalia yeye, okestra ikawa mandhari.

SWALI: Mzee hivi ile Mini ya kijani ni yake kweli? Na utajiri wake anakula nini? (Dereva wa daladala, Mwanza)

JIBU: Ile ni ya kazi kaka, kuna zaidi ya moja zilitumika, na ya mwanzo kabisa ilikuwa ya machungwa, ya kijani ikaja baadaye. Ya kwake mwenyewe shika kiti: McLaren F1. Aliinunua 1997, mwaka ambao filamu ya Bean ilitoka na kuingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, akalipa pauni 540,000. 1999 akaigonga kwa nyuma ya gari jingine. 2011 akaipamia kwenye mti kule Cambridgeshire, moto ukawaka, bega likaumia, na bima ikalipa karibu pauni 910,000 kuitengeneza, iliripotiwa ndo bili kubwa ya matengenezo kuwahi kulipwa na bima Uingereza. Sasa sikia mwisho wake, 2015 akaiuza pauni milioni 8. Gari limegongwa mara mbili! We gonga hiyo Hiace yako uone kama itapanda bei.

Na leseni ya malori makubwa anayo tangu 1981. Magari kayaandikia makala miaka mingi, na 2023 aliandika kwenye Guardian kwamba kama mtu aliyesomea umeme anahisi amedanganywa kidogo kuhusu magari ya umeme, wataalamu wengine wakamjia juu kwamba hesabu zake haziko sawa, ubishi ukawa mkubwa.

SWALI: Babangu husema Mr Bean aliwahi kuendesha ndege hapa Kenya, sisi humcheka. Ni hadithi ama? (Msomaji, Ukunda)

JIBU: Muombe radhi mzee. Machi 2001 Atkinson alikuwa Kenya likizo na familia, wamekodi ndege ndogo ya Cessna kutoka Pwani kwenda Nairobi, rubani akazimia angani. Atkinson hakuwa rubani, lakini akashika usukani akaizuia ndege isidondoke mpaka rubani alipozinduka, na huyo rubani ndo akaishusha salama Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi. Kwa hiyo kutua hakutua yeye, hapo babako arekebishe kidogo. Mi hufikiria wale waongoza ndege waliopokea hiyo habari, mtu anakwambia rubani kazimia na aliyeshika usukani ni Mr Bean.

SWALI: Nimemaliza Mr Bean, Johnny English zote tatu, sasa nataka hiyo Blackadder mnayoisifia. Nianzie wapi, na sisi Waafrika tutaielewa? (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Mwalimu, Kiingereza chake ni cha kasi na cha kejeli, weka maandishi chini. Ni season nne na kila moja iko zama tofauti za historia ya Uingereza, jina la ukoo lilelile, na mtumishi Baldrick, anachezwa na Tony Robinson, yuko zote nne akiwa na "mpango wa ujanja" ambao haujawahi kuwa wa ujanja. Humo utamkuta na Stephen Fry, na Hugh Laurie yule aliyekuja kuwa Dr House.

Ya nne ya 1989 ndo kubwa, ni vita vya kwanza vya dunia, wako kwenye mahandaki mwaka 1917 wanasubiri amri ya kutoka kwenda kufa. Kepteni Blackadder kila sehemu anatafuta njia ya kukwepa, mara awe mchoraji, mara ajifanye kichaa. Sisi kuielewa? Kuna mahali anakiri kwamba alijiunga na jeshi enzi ambazo sharti la adui wa Mwingereza lilikuwa asiwe na bunduki, na sifa zake zote za vitani ni za Afrika dhidi ya watu aliowakuta na maembe yaliyochongwa. Mwingereza anajicheka mwenyewe hapo kwa jinsi alivyotupiga, wewe mwalimu wa Kigoma, ambako meli za Wajerumani na Waingereza zilipigana ziwani vita hivyohivyo, utaisikia hiyo kejeli kuliko mtu wa London.

Mwisho wake sitakuharibia, ila ujue kwamba siku ya kurekodi haikutoka vizuri, seti ilikuwa ya bei rahisi na kukimbia kwenyewe kulionekana vibaya, kwenye kuhariri ndo wakaipunguza kasi, wakanyamazisha, wakaweka shamba la maua mekundu juu yake. Ni komedi na watu wazima walilia. Atkinson akapata BAFTA nyingine 1990.

Anzia season ya pili. Ya kwanza irudie baadaye ukishawazoea, na usimruhusu mtu akwambie lazima ufuate mpangilio, kila moja ni hadithi mpya.